Skopu Iliyogongwa, na Jibu Nililompa Anaeli

Jumamosi, mwezi wa saba. Tangu asubuhi Mlima Meru haujaonekana. Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakatiki, na hapa Ngaramtoni watu wamejifunika mashuka juu ya makoti. Nimerudi nyumbani alasiri hii nikiwa nimelowa magoti. Nimewasha jiko la mkaa na kukaa nalo karibu, lakini mikono bado ina baridi.

Msimu wa uwindaji umeshafunguliwa na mimi sijaenda porini. Ofisini niliwaambia mgongo unanisumbua.

Mgongo wangu ni mzima.

Sijaandika hapa kwa miezi kumi. Wengi waliokuwa wanafuata habari zangu za porini wamekata tamaa, nami siwalaumu. Msomaji mmoja tu, anayejiandaa kwa mtihani wa leseni ya uwindaji bingwa, aliendelea kunitumia swali lilelile: "Kaka, hizi skopu za siku hizi zinaaminika? Mwindaji anaweza kuitegemea skopu yake?" Nimelisoma swali hilo mara nyingi kuliko anavyodhani. Leo nitamjibu, ingawa sidhani kama hili ndilo jibu alilokuwa akilisubiri.

Kwa asiyejua, skopu ni ile darubini inayofungwa juu ya bunduki. Ukichungulia ndani unaona mnyama amesogezwa karibu, na katikati pana mistari miwili iliyokatana kama msalaba. Mistari ikikaa begani kwa mnyama, risasi inapaswa kwenda begani. Ndiyo kazi yake yote. Lakini imeshikwa na pete mbili na skrubu ndogo, na ndani yake mna vioo na springi. Ikigongwa, inaweza kuhama. Na ikihama haikuambii. Ukichungulia tena, kioo ni kile kile kisafi, msalaba uko katikati, mnyama anaonekana vizuri. Ni risasi tu ndiyo inayokwenda kwingine.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Hayo yote nilikuwa nayajua.

Anaeli alikuwa mfuatilia nyayo wangu kwa miaka kumi na moja. Mmeru wa Kikwe, mwembamba, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika wao. Porini alikuwa anatembea mbele, mimi nyuma yake na bunduki yangu, mgeni aliyelipia kuwinda nyuma yangu. Hakuwa anabeba silaha, alikuwa na fimbo tu ya kuonyeshea alama chini. Angeweza kuangalia jani lililopinda akakwambia nyati amepita saa ngapi, na kama ana haraka au hana. Tulikuwa tunakula sahani moja. Mkewe, Mama Upendo, alikuwa ananiita shemeji.

Mwezi wa tisa mwaka jana tulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa zaidi ya miaka sabini, mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo. Anaeli alimbatiza jina la Babu kwa sababu ya mwendo wake, na mwenyewe alilipenda. Mtu mstaarabu. Siku ya kwanza kambini tulipiga risasi za majaribio kwenye karatasi, mita mia moja, akaweka matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Mkono wake ulikuwa umetulia kama wa kijana.

Siku ya nane tulirudi kambini jioni tumechoka. Babu akaenda moja kwa moja kuoga. Mimi nikaanza kushusha vitu kwenye gari. Mkono mmoja nilikuwa nimeshika redio ya mawasiliano, mkono mwingine mfuko wa bunduki ya Babu. Mkanda ukaniteleza. Mfuko ukaanguka juu ya jiwe, upande wa skopu.

Anaeli alikuwa amesimama pale pale. Tukaangaliana. Nikafungua mfuko, nikachungulia skopu, nikaona picha safi. Hakuna kioo kilichopasuka wala pete iliyolegea. Nikaufunga.

Asubuhi yake, kabla hatujaondoka, Anaeli akanifuata nikiwa nakunywa chai.

"Ile bunduki ya Babu umeijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Kundi la nyati lilikuwa limelala karibu na mto, si mbali na kambi, na mlio wa risasi ungeweza kulifukuza. Siku za Babu zilikuwa zimebaki mbili. Ningeweza kuendesha gari nusu saa upande wa pili, nikapiga risasi mbili kwenye karatasi, nikarudi. Niliona ni usumbufu.

"Iko sawa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua fimbo yake.

Tuliwapata nyati saa tatu asubuhi. Dume kubwa lilikuwa limesimama ubavu, kichwa kimeelekea kulia, kama mita themanini. Babu akaegemeza bunduki kwenye miti mitatu tunayotumia kwa kazi hiyo, akavuta pumzi, akafyatua. Nilikuwa nimemtazama. Hakutetemeka. Risasi ilipaswa kuingia begani. Iliingia tumboni.

Nyati aliyepigwa tumboni hafi upesi, na sheria yetu ni kumfuata, hatuwezi kumwacha ateseke na kuja kuua mtu wa kijiji. Tulisubiri kama saa nzima. Babu na askari wa wanyamapori aliyekuwa akitusindikiza niliwaacha nyuma. Anaeli akatangulia kwenye damu, mimi hatua tano nyuma yake. Damu ilituingiza kwenye kichaka kizito. Nyati alikuwa amezunguka akarudi kusubiri pembeni ya njia yake mwenyewe. Alitoka karibu mno. Risasi yangu ya kwanza haikumsimamisha. Ya pili ilimwangusha, lakini alikuwa ameshamfikia Anaeli.

Sitaandika zaidi ya hapo. Aliishi dakika chache. Alikuwa anataka kusema kitu, akashindwa.

Ndege ilikuja kuchukua mwili mchana. Askari akaondoka nao. Babu alikuwa amekaa kwenye hema lake, amejifungia. Nikabaki peke yangu na bunduki yake. Nikaipeleka mahali tulipofanyia majaribio siku ya kwanza, nikabandika karatasi, nikapiga risasi tatu nikiwa nimelala chini ili mkono wangu usije ukasingiziwa. Matundu matatu yalikaa pamoja vizuri kabisa, lakini yalikaa kushoto, mbali na msalaba kwa kiganja kizima na nusu.

Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulisema mpaka leo. Nilichukua bisibisi, nikairekebisha skopu mpaka ikarudi katikati, nikaisafisha bunduki, nikairudisha kwenye mfuko.

Jioni Babu alitoka akaniuliza kama bunduki ilikuwa na kasoro.

"Nimeijaribu," nikamwambia. "Iko sawa."

Akatazama mikono yake. Kwenye taarifa ya tukio niliandika kwamba mgeni alitikisika wakati wa kufyatua. Akasaini bila kusoma.

Tangu hapo ameniandikia barua pepe nne. Katika ya tatu alisema ameuza bunduki zake zote, maana mtu ambaye mikono yake imeua baba wa watoto hana haki ya kushika silaha. Katika ya nne aliuliza kama anaweza kumwandikia mjane. Sikumjibu hata moja.

Jumatano wiki hii Mama Upendo alinipigia simu. Jumamosi ijayo familia inajengea kaburi na kuweka msalaba. Mchungaji atakuja, kwaya itaimba, na wanataka mtu mmoja aseme machache kwa niaba ya wenzake wa kazini.

"Shemeji, tumeona useme wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye mwishoni."

Nikasema sawa. Nikakata simu, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye mahindi, ili mke wangu asinione.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilijaribu kuandika maneno ya kusema kaburini. Kila nilichoandika kilikuwa kweli: alikuwa mwaminifu, alikuwa hodari, alimpenda Mungu na watoto wake. Kila nilipofika mahali pa kueleza alivyokufa, kalamu ilisimama. Nikaona siwezi kusimama mbele ya msalaba wake nikarudia taarifa ile. Ndiyo maana leo asubuhi nilichukua pikipiki, nikapita mjini, nikafuata barabara ya Moshi, nikakata kulia kushuka Kikwe. Kule mvua ilikuwa imepungua. Vumbi la mwezi wa saba lilikuwa limegeuka tope jepesi, na watu walikuwa mashambani wakivuna maharage.

Mama yake Anaeli ndiye aliyenipokea uani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akapapasa vidole vyangu, akasema nimekonda. Kisha akaingia ndani kupumzika.

Mama Upendo alikuwa ameketi barazani na ungo wa maharage mapajani. Alinivutia kiti, akaniwekea chai. Tukaulizana habari za nyumbani, za shule, za baridi. Akaanza kunieleza mipango ya Jumamosi: vijana wa mtaa wataanza kuchanganya zege saa moja asubuhi, ibada saa nne, chakula kitapikwa kwa jirani. Nilimwacha amalize. Nilijua nikimkatiza, sitapata ujasiri tena.

"Mama Upendo," nikasema, "kuna jambo sijakwambia kuhusu Anaeli."

Nikalisema lote. Nilianza na mkanda ulioteleza, nikaishia na taarifa. Sikujitetea, ingawa mara mbili nilisikia utetezi ukipanda kooni nikaumeza. Yeye hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kuchambua maharage, mabovu upande huu, mazima upande ule. Nilipofika mahali pa karatasi niliitoa kwenye koti, nikaifungua juu ya kigoda. Nilikuwa nimeificha miezi kumi kwenye bahasha ya leseni zangu.

Vidole vyake vikasimama. Akaweka kidole kimoja kwenye msalaba wa katikati na kingine kwenye yale matundu matatu. Akaiangalia ile nafasi katikati ya vidole vyake kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo alipopaswa kulenga?"

"Hapo ndipo alipolenga."

"Na risasi inaenda huku."

"Ndiyo."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya mgomba. Kisha akauliza, "Baba Upendo alikuwa anajua kwamba imeanguka?"

"Alikuwa anajua. Aliniuliza asubuhi kama nimeijaribu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia iko sawa."

"Na yeye akakubali."

"Akakubali."

Akaondoa vidole kwenye karatasi.

"Nilikuwa namwambia aache ile kazi," alisema polepole. "Namwambia, wewe unatembea mbele ya bunduki za watu usiowajua, wazee wengine hata kuona hawaoni. Anacheka. Ananiambia, bunduki zao zote zinapita kwanza kwa shemeji yako. Yeye akisema iko sawa, mimi naenda."

Nilitaka aninyanyukie, anitukane, animwagie ile chai. Ingekuwa nafuu. Yeye alibaki ameketi, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye ungo bila sauti, na hakuyafuta.

Baadaye akauliza, "Yule mzee mzungu anajua?"

"Hajui. Anadhani ni mkono wake."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. Nimeangaliwa na wanyama wengi waliojeruhiwa. Sijawahi kuangaliwa hivyo.

"Mimi kila siku kwenye maombi namtaja yule mzee," alisema. "Namtaja kwa ubaya. Miezi kumi namwomba Mungu asimpe usingizi. Kumbe namsemea vibaya mtu asiye na kosa, na mwenye kosa anakuja hapa Krismasi, anakula kwangu, anabeba watoto wangu."

"Nisamehe," nikasema.

"Usiniombe hicho leo." Sauti yake haikupanda. "Leo nenda kamwambie yule mzee. Asilale tena na mzigo ambao si wake."

"Nitamwambia. Na mama?"

"Mama nitamwambia mimi. Wewe usimwambie. Amekushika mkono sasa hivi, mwache kwanza."

Nikasimama. Chai ilikuwa imepoa kwenye kikombe, sikuwa nimeigusa. Akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia chini ya kitenge chake. Hakuniuliza kama anaweza kubaki nayo.

Nilipofika kwenye pikipiki alisema kutoka barazani, "Jumamosi hutasema. Nitamwambia mchungaji atafute mtu mwingine."

"Nimeelewa."

"Lakini sijasema usije, Baba Neema."

Miaka kumi na moja ameniita shemeji. Nilisikia lile jina langu la kawaida mpaka nafika lami.

Nimefika nyumbani saa tisa. Sikuvua hata koti. Nilimwandikia Babu, kwa Kiingereza changu cha porini, mistari isiyozidi ishirini. Kwamba niliiangusha bunduki yake. Kwamba sikuijaribu. Kwamba baada ya kifo niliijaribu nikaona imehama, nikairekebisha nikamficha. Kwamba mkono wake haukutikisika, mimi nilikuwa namtazama. Nikatuma kabla sijaanza kupamba maneno.

Alinipigia baada ya saa moja. Sauti yake imezeeka. Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Kwa hiyo ulikuwa mzima," alisema hatimaye. Sikuelewa. Akarudia: "Mkono wangu. Ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, Babu."

Akalia. Mzee wa watu alilia kwenye simu kama mtoto, na mimi nikiwa nimekaa hapa kwenye kigoda nikisikiliza. Alipopata sauti aliniambia kwamba tangu arudi kwao hajawahi kumbeba mjukuu wake aliyezaliwa mwezi wa kumi na moja. Aliogopa atamwangusha. Mtoto sasa anatambaa.

Akaniambia sitamsikia tena. Kisha, kabla ya kukata, aliomba nimwandikie jina kamili la Anaeli, lilivyo hasa, ili alitaje ipasavyo. Nimemwandikia.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Anajua Kiingereza kuliko mimi. Ameingia jikoni, na tangu hapo sijasikia hata mlio wa sufuria.

Sasa nikujibu wewe ndugu msomaji. Skopu nzuri inaaminika mpaka pale itakapogongwa, na ikishagongwa usiiulize macho yako, iulize karatasi. Ikianguka, ijaribu. Gari likipita makorongo siku nzima, ijaribu. Ikitoka kwenye ndege, ijaribu. Nyati wakikimbia kwa mlio wa risasi, waache wakimbie, kesho watakuwepo au hawatakuwepo, lakini watu wako watakuwepo. Hayo yatakusaidia kwenye mtihani. Lakini ile skopu ya Babu haikumdanganya mtu. Ilikuwa ni chuma na vioo vilivyoangushwa juu ya jiwe, na vilifanya kile ambacho chuma na vioo hufanya vikiangushwa. Aliyeulizwa na mtu anayemwamini akajibu bila kuhakikisha ni mimi.

Hilo halimo kwenye mtihani.

Jumatatu asubuhi naenda ofisini kuandika taarifa upya. Leseni yangu huenda wataichukua, na wakiichukua watakuwa wametenda haki. Kuna jambo lingine linaloniogopesha zaidi: siku mama yake Anaeli atakapojua, na mimi nikamwamkia, je, ataitikia?

Ibada ni saa nne. Sitasimama mbele ya watu. Lakini zege wanaanza kulichanganya saa moja asubuhi, na mchanga na kokoto ni vya kubebwa kutoka barabarani. Nitafika saa kumi na mbili.